Pembe za Nangila

Nasimiyu mwanangu,

Umelala na soksi miguuni kama mtu anayeogopa kuachwa na gari. Begi lako liko mlangoni, na barua hii nitaificha katikati ya sweta zako, uikute ukishafika Laikipia na kufungua vitu vyako. Sitakuandikia habari za kujifunika vizuri wala kuchemsha maji. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na baridi ya huko. Nataka kukuandikia kuhusu ng'ombe wako, kwa sababu leo jioni uliniuliza kama ni mgonjwa, nami nikakutazama machoni na kukudanganya.

Nangila haendi kwa mjomba wako Webuye kama nilivyokwambia. Nangila anakufa, mwanangu. Ukisoma haya atakuwa ameshakufa.

Juzi ulipokwenda Kibera kumuaga shangazi yako Nekoye, nilimwita daktari wa mifugo, yule kijana wa pikipiki anayetibu kuku wa caretaker, msimamizi wa hizi nyumba za kupanga. Nilikuwa nimemwona Nangila akisimama mbele ya majani ya nepia bila kugusa hata moja, na ubavu wake wa kushoto umevimba. Kijana akamgusa, akambonyeza, akaweka sikio. Nilijua kabla hajasema.

"Mama, hapa ndani ni majuala, hizi karatasi za plastiki," akaniambia. "Tumbo imejaa. Majuala, kamba za magunia, pengine hata zile nywele za saluni."

"Si unaweza kumpasua utoe?"

"Ningekuwa nimempata mapema, ningejaribu. Kwa hii miaka yake hatatoka. Na sikufichi, mama, anaumia."

Tukakubaliana arudi kesho mchana, siku utakayosafiri, na sindano ya kumlaza. Mimi mwenyewe ndiye niliyechagua mchana. Nilipiga hesabu ya safari yako, nikaona saa hizo utakuwa umeshapita Nanyuki. Musa, yule rafiki ya baba yako wa machinjioni, atakuja na pikapu amchukue akamzike kwenye shamba la mkwe wake. Hataliwa na mtu. Hilo nimelikataa mbele ya wanaume wawili waliotaka kunieleza eti nyama ni nyama, na unajua nikikataa nakataa vipi.

Sasa utaanza kujilaumu. Nakujua. Utakumbuka kila gunia la mabaki ulilolibeba kutoka soko la 56 hapa Kawangware, utajiuliza ni lipi hukulichambua vizuri. Acha. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwaga gunia zima juu ya bati, ukatenga jani la kabeji huku na takataka kule, mpaka majirani wakakucheka kwamba unachagua mboga za ng'ombe kuliko mama wanavyochagua za watoto wao. Mimi ndiye niliyekuwa nikirudi kutoka kufua nguo za watu Lavington, mikono imechubuka kwa sabuni, nikimimina gunia kama lilivyo na kwenda kulala. Na hata hivyo sisemi ni mimi. Ng'ombe wa mjini anakula mji. Daktari mwenyewe hajui ni lini alianza kuyameza, wala sitaki ujue.

Lakini wacha nikukumbushe alivyokuja, kwa sababu ulikuwa mdogo na baba yako hayupo tena kukusimulia kwa ule uongo wake mtamu.

Baba yako alikuwa akipokea ng'ombe machinjioni, kazi ya kuwashusha na kuwalinda mpaka zamu yao ifike. Siku hiyo lilikuja lori la ng'ombe wa Uganda, wale wekundu wenye pembe ndefu. Mmoja alikuwa amezaa njiani. Ndama alikuwa kati ya miguu ya wenzake, amelowa, na ajabu ni kwamba hakuna aliyemkanyaga. Mama yake alikwenda alikokuwa akienda. Ndama hakuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote, basi baba yako akamvika koti lake na kumbeba mpaka Kawangware, akaingia naye hapa ndani nikipika.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Ni msichana. Amezaliwa njiani. Anaitwa Nangila."

Nilipiga kelele, sitakuficha. Mtoto wa Kibukusu aliyezaliwa njiani anaitwa Nangila, sawa, lakini ng'ombe? Mama Nangila wa plot ya pili alininunia mpaka Krismasi. Na wewe ulikuwa umeshachukua chupa yako ya zamani ya maziwa, umeketi sakafuni, umemtia kidole mdomoni ili ajue kunyonya. Sijui nani alikufundisha. Maziwa yangu ya chai yaliisha siku hiyo hiyo.

Tulimjengea banda la mabati kule nyuma, kando ya ukuta wa mto, tukidhani tunajengea ng'ombe. Hatukujua tunajengea pembe. Kwetu ng'ombe ana pembe za kumtosha, basi. Huyu zilimwota zikaenda pembeni, zikapanda juu, kila mwezi zimezidi, mpaka zikawa pana kama mikono ya fundi anayepima kitambaa. Baba yako akang'oa mlango wa banda akaweka mwingine, kisha huo nao ukawa mdogo, akaacha kuweka mlango kabisa. Tatizo likabaki kichochoro. Na hapo ndipo wewe ulipomfundisha. Ulishika pembe ya kushoto, ukamwambia, "Geuza, Nangila. Pole pole. Geuza," naye akageuza kichwa, akaingiza pembe moja kwanza, kisha mwili, kisha pembe ya pili, kama watu wanavyoingiza kitanda mlangoni. Watoto wa plot nzima walikuwa wakitoka kutazama. Hakuwahi kumgusa hata mmoja.

Wale wachungaji waliokuja na malori walimwambia baba yako mambo ya ng'ombe hawa. Kwamba hawapendi kusimama mahali pamoja kuletewa chakula, wanapenda kula wakitembea. Ndiyo maana asubuhi mlikuwa mkimtembeza kando ya barabara anyofoe majani mwenyewe hata kama nepia imejaa bandani. Na kwamba pembe zao si kama kucha. Zina damu ndani, na mwili wote unapumua joto kupitia humo. Baba yako aliniambia hayo nikiwa nakanda unga. Nikasema, "Eeh." Unajua ile "eeh" yangu.

Kisha kifua kikamchukua baba yako.

Siku ya kumsafirisha kwenda kumzika, mimi sikuwa na akili. Wanaume walikuwa wamebeba jeneza kuelekea stage lilikokuwa gari, wanawake wa kanisani wanaimba, nami nashikwa mikono huku na huku. Ndipo nikakuona. Ulikuwa na ile nguo yako ya shule, umemshika Nangila kamba, umemfunga majani mabichi kwenye pembe zote mbili. Kwetu mwenye ng'ombe akifa, ng'ombe huongozwa mpaka kwake na majani kwenye pembe ili wamuage. Hilo sikuwahi kukwambia. Lazima baba yako ndiye aliyekusimulia, katika zile safari zenu za asubuhi. Ulimpitisha katikati ya wauza nyanya na maduka ya hadwea na saluni, pembe zimebeba majani juu ya vichwa vya watu, na hata makanga wa matatu wakaacha kuita abiria. Nasimiyu, niliona mazishi mengi nyumbani, ya wazee wenye mifugo na mashamba. Hakuna aliyeagwa kama baba yako alivyoagwa hapa Kawangware na ng'ombe mmoja.

Nilipaswa kukwambia hivyo siku ile. Badala yake nilikugombeza kwa sababu ulichafua nguo ya shule.

Na baada ya hapo ndipo ikaja ile siku. Unaijua, lakini hatujawahi kuizungumza, si mimi wala wewe, na ndiyo maana naiandika. Nangila alikuwa amepasua bati jipya la landlord akigeuka bandani. Caretaker akaja: "Mama Nasimiyu, chagua. Hizi pembe zitoke ama ng'ombe itoke." Mimi nilikuwa mjane mpya. Niliogopa kila mtu aliyebisha hodi. Nikafikiri, kwetu ng'ombe mkorofi hukatwa pembe asubuhi na jioni anakula. Nikamwita mtu anayewakata ng'ombe wa maziwa kule upande wa Dagoretti. Naye hakuwahi kuona pembe kama zile. Akamfunga kwenye nguzo, akatoa msumeno, na mimi nikashika kamba.

Sikusubiri utoke shule. Nilijua utakataa. Hiyo ndiyo sababu nzima.

Damu iliruka mpaka kwenye bati la juu. Nangila alilia mlio ambao sikujua ng'ombe anao. Yule mtu akaogopa, akataka kuacha moja ikiwa imekatwa nusu, nikamfokea amalize, kwa sababu nusu ilikuwa mbaya zaidi. Tukafunga na mipira ya baiskeli na majivu na shuka langu. Ulipotokea mlangoni na begi mgongoni, pembe zilikuwa chini, na mimi nilikuwa mwekundu mpaka kwenye viwiko.

Hukupiga kelele. Ningependa ungepiga. Ulisema tu, "Mathe, si ungeniuliza."

Ukachukua nguo zako ukaenda Kibera kwa Nekoye. Kila jioni ulikuwa ukitembea kutoka Makina, huko Kibera, mpaka huku, unachambua gunia, unamlisha, unamsafisha vidonda, unarudi. Ulipita mbele ya mlango wangu na gunia kichwani hukugeuka. Nilikuja Kibera nikuchukue, Nekoye akaniketisha, akanipa chai, akasema, "Shemeji, mtoto si sukari nikupimie urudi naye. Huyo atarudi akitaka." Nilimchukia siku hiyo. Alikuwa na haki.

Ulirudi ile jioni mto ulipofurika. Nilikukuta bandani, maji yamefika magotini, umemshikilia Nangila shingo kama yeye ndiye angezama. Nilileta chai kwenye jagi. Tukainywa tumesimama majini, bila neno, na usiku ule ukalala nyumbani. Nikajiambia yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Mimi ni mtu wa kuleta chai mahali pa kusema pole, na wewe ni mtu wa kuinywa na kunyamaza, na hiyo umeipata kwangu. Huko uendako utamkosea mtu, au mtu atakukosea. Sema. Hata ukisema vibaya. Laikipia hakuna Kibera ya kukimbilia.

Jambo linaloniua ni hili. Nangila mpaka leo akifika kichochoroni anageuza kichwa. Hana pembe, ana vile visiki viwili tu, angepita wima bila kugusa chochote. Lakini anasimama, anageuza kichwa, anaingiza upande mmoja kwanza, anasubiri, kisha anaingia. Nimemwona akifanya hivyo asubuhi na jioni miaka yote hii. Wewe pia umemwona, nami nimekuona ukinitazama nikimtazama.

Uliporudi kutoka kwa majaribio ya kazi, wale watu wa ranchi ya Laikipia walipokupa ndama wasio na mama uwanyonyeshe, nilikuuliza kukoje. Uliketi hapo kwenye stuli na uso ambao sijauona tangu baba yako. "Mathe, zenye pembe kama zake ziko mingi. Zinatembea kichwa juu tu. Hakuna kitu zinagonga." Nikajua umeshaondoka, imebaki siku. Mwaka jana walikuita ukakataa kwa ajili ya Nangila. Safari hii nikakwambia nenda, nitamtunza, mjomba wako amekubali kumpokea. Mjomba wako hajakubali kitu. Sikuwahi hata kumwuliza.

Leo jioni ulipoona hajamaliza nepia, nikakwambia nilimpa molasi mapema, ameshiba. Ukaniamini. Ukamkuna katikati ya visiki, ukamwambia, "Kaa vizuri na Mathe." Nilitoka nje nikajifanya natafuta ndoo.

Nimeandika mpaka hapa nikaweka kalamu chini.

Nimesoma tena yale ya msumeno. Nilijua utakataa, kwa hiyo sikusubiri utoke shule. Na sasa nimechagua mchana, uwe umeshapita Nanyuki. Nasimiyu, ni jambo lile lile. Nimeshika kamba tena. Miaka yote nimekuwa nikidhani kosa langu lilikuwa pembe, kwamba ningejua zina damu nisingezikata. Lakini hukuniambia "si ungeacha." Uliniambia "si ungeniuliza."

Basi siiweki barua hii kwenye begi. Naiweka juu ya viatu vyako, uione kabla hujavivaa.

Ukishaisoma nenda bandani. Yuko macho, halali siku hizi. Ukitaka kusimama naye daktari atakapokuja, baki. Namba ya msimamizi wa ranchi ninayo, nitampigia mimi na kumwambia ukweli. Anaweza kuelewa. Anaweza pia kusema wako wengine wanaoitaka nafasi hiyo, na utakuwa umeipoteza kwa mara ya pili kwa ng'ombe yule yule. Sitaki hilo. Wacha niliseme wazi, maana nimechoka na chai: nataka uende. Nataka uamke asubuhi mahali ambapo hakuna ukuta. Nataka ndama wa huko wakujue kwa harufu. Nikiwaza chumba hiki bila wewe naogopa, na bado nataka uende. Ukitaka daktari aje alfajiri badala ya mchana, nitamwamsha. Ukitaka kumuaga na kuondoka bila kuona mwisho, nitasimama naye mimi, nimshike shingo kama ulivyomshika kwenye yale maji, na sitageuza uso. Lolote utakalosema ndilo litakalofanyika. Hili naliomba kwako, siliamui.

Na pole. Pole kwa pembe. Pole kwa kukugombeza mbele ya jeneza la baba yako. Pole kwa leo jioni.

Kuna jambo moja la mwisho na ni la aibu. Ulipokuwa Kibera, siku za mvua uliposhindwa kuja, ulikuwa ukinipigia simu. Hukuwa unanisalimu. Ulikuwa ukisema, "Amekula?" nami najibu, "Amekula," na simu inakatika. Nilikuwa nikiingoja simu hiyo tangu saa tisa. Nikiona mawingu nafurahi. Hata siku aliyokuwa amekula mchana nilikuwa nikimwongezea jioni, ili nisikudanganye nikijibu.

Sasa hatakuwepo wa kuuliziwa. Hapa nitabaki mimi, na sijui kama mimi natosha mtu kupiga simu.

Piga, mwanangu. Niulize kama nimekula.

Mama yako